Onja Kwanza

Sili wala sinywi kitu cha mtu mpaka nimwone yeye mwenyewe amekionja. Watu wa hapa Biharamulo wamenizoea. Wengine wananitania, na kwenye sherehe jirani yangu hupaza sauti, "Mwonjeeni Mrundi soda yake, tusije tukalaumiwa!" Nami hucheka nao. Lakini soda yenyewe haigusi midomo yangu kama imefunguliwa mahali nisipopaona. Sina roho mbaya. Nilizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvubu, na huko ndivyo mtoto anavyofundishwa adabu.

Kwetu mtu akikuletea pombe ya ndizi, uji au hata maji, hakukabidhi tu. Kwanza anapiga funda moja mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakupa kwa mikono miwili. Hakuna anayekaa chini kueleza sababu. Mama yangu alinizaba kofi siku niliyompelekea shangazi yake maji bila kuonja. Yule shangazi alikaa na kikombe mapajani mazungumzo yote, akaondoka maji yamejaa vilevile. Ukimpa mtu kitu ambacho hukukionja, umemwambia usingejali akifa. Ukionja, umemwambia akae, yuko kwake. Nilidhani dunia nzima inaishi hivyo.

Nilivuka kuja Tanzania kutafuta kazi kama wengi wanavyovuka, na zaidi ya hapo nisiulizwe, maana sitasema. Nilikuwa msichana mkubwa, shamba la baba limegawiwa kaka zangu mpaka kila mmoja amebaki na kipande cha kutandikia mkeka. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi Kasulo, wilaya ya Ngara, aliniambia huko kuna maharage ya kuvuna na watu wa kuajiri. Nikaenda. Nikapata nyumba ya Wahangaza, Wakatoliki wa siku nyingi, wenye migomba na kahawa. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa damu. Mama wa nyumba ile alisema, nikaelewa. Nikajibu, akacheka namna ninavyovuta maneno, lakini akaelewa. Na jioni ya kwanza alipiga funda la togwa, akameza, akanipa. Nikasema moyoni, kumbe ugenini penyewe ndiyo hapa? Mbona rahisi!

Maharage yakaisha, na kazi ikaisha nayo. Mama wa Kasulo alikuwa na mnunuzi wake, bwana mmoja wa lori, naye ndiye aliyeleta habari kwamba Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, kuna familia ya Wasukuma wanatafuta msichana wa kumtunza bibi yao aliyevunjika nyonga. Kula, kulala na mshahara.

"Ni watu wazuri," mama wa Kasulo aliniambia.

"Umewahi kuwaona?"

"Sijawaona. Huyu bwana ndiye anawajua."

"Na huyu bwana, nani anamjua?"

Akaniambia nina maswali mengi kuliko mtu anayetafuta kazi. Hata hivyo akampa yule bwana namba yake ya simu awaachie watu wa nyumba ile, likitokea lolote wampigie. Hilo lilinituliza kidogo, ingawa nilijiuliza hilo "lolote" ni lipi.

Njia nzima yule bwana wa lori alikuwa anaongea Kiswahili kwenye simu. Kiswahili mimi nilikuwa nimekisikia kwa wachuuzi tu, nacho kilinipita masikioni kama mvua juu ya bati. Kila alipocheka nilijua ananicheka mimi. Kila aliponyamaza nilijua anapanga. Tulipoipita Lusahunga, akasimama kununua mahindi ya kuchoma, nikajaribu kumsalimia mwuzaji kwa Kihangaza. Akanitazama, akamgeukia mwenzake. Nikafunga mdomo wangu, na ukabaki umefungwa kwa muda mrefu.

Nyumba ya Nyabusozi ilikuwa na bati, zizi la miiba na ng'ombe wengi kuliko niliowahi kuwaona kwa mtu mmoja. Baba mwenye nyumba alitoka kutupokea, mrefu, mkimya, amevaa katambuga za matairi. Yeye na bwana wa lori wakazungumza, wakanitazama, wakacheka, wakashikana mikono. Kisha baba akaingia bandani, akatoka na jogoo, akampa. Yule bwana akamtupa jogoo kwenye lori, akanipungia mkono, akaondoka.

Nimeuzwa, nikasema. Nimeuzwa kwa jogoo, tena jogoo mwenyewe hana hata nyama. Leo najua ilikuwa shukrani tu, kwa Wasukuma mtu aliyekuletea heri hatoki mikono mitupu. Siku ile nilikuwa naangalia ukubwa wa ua na mahali lilipo geti.

Halafu akatoka mama mwenye nyumba. Alikuja na kikombe cha mtindi, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya, akanipa kwa mikono miwili huku anatabasamu. Nikasubiri aonje. Hakuonja. Nikamtazama, naye akazidi kutabasamu, akafanya ishara ya kunywa. Mwanamke hanijui, sijamkosea neno, ananipa kifo huku anacheka! Alipogeuka kuita watoto nikaumwaga ule mtindi kwenye shina la muhogo nyuma ya nyumba. Asubuhi nilikwenda kuutazama ule muhogo. Ulikuwa mzima, umenawiri. Nikajiambia kuna sumu ambazo haziui mimea.

Kazi niliielewa siku hiyohiyo, kwa sababu kazi ya mgonjwa haihitaji lugha. Bibi alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, amelala kitanda cha kamba, hawezi kusimama. Kumgeuza, kumwosha, kumtoa juani, kumrudisha jua likiwa kali, kumlisha. Aliongea Kisukuma mfululizo, tangu anaamka mpaka analala, na hakujali hata kidogo kwamba sielewi. Nikikosea alinichapa mkononi kwa usinga wake wa kufukuzia nzi. Nikipatia aliendelea na hadithi yake. Nilianza kumpenda mapema, labda kwa sababu alikuwa mtu pekee katika nyumba ile ambaye sikuona ana sababu ya kuniua. Angemwita nani amgeuze?

Uji wake wa mtama niliupika mwenyewe, na kabla ya kumpa nilipiga funda, nikameza, nikampa kwa mikono miwili. Mara ya kwanza alishangaa, akasema kitu kirefu. Mara ya pili akakunja uso. Kisha akazoea. Lakini mama mwenye nyumba hakuzoea. Kila nilipoinamisha uso kwenye bakuli nilimwona mlangoni, amesimama, mikono kiunoni. Nilifikiri anaona wivu kwamba mgeni ana adabu kuliko yeye.

Mimi nilikuwa nakula viazi vitamu nilivyochoma mwenyewe majivuni. Ugali wao nilikula baada ya watoto kula, tena upande uleule walioumega. Maziwa, chai, uji, chochote cha kumiminwa, niliishia kukimwaga. Nikakonda. Majirani wakaona. Nilikuja kujua baadaye walichokuwa wanasema: huyu Mrundi hali chakula cha watu, kwa hiyo anakula kitu gani? Na lisemwalo lipo.

Ndipo bibi akaugua tumbo. Alianza kutapika asubuhi, kufika mchana hakuwa na nguvu ya kuongea, na ukimya wake ndio ulionitisha. Wakamkalisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, wakampeleka zahanati. Aliporudi, anatumia dawa na maji ya chumvi na sukari, ua lilikuwa limejaa watu. Mwanamke mmoja jirani, mwembamba, mwenye kanga ya njano, alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini na kila mtu kwa zamu. Kila aliyemsikiliza aligeuka kunitazama mikono. Nikaificha chini ya kitenge, bila kujua ina nini.

Kesho yake mama mwenye nyumba alinijia na wembe. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Akanishika mkono, si kwa nguvu, akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kunikata kucha. Moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka kwenye nyama, huku ameinama na pumzi yake ikinigusa vidole. Nikalia. Tangu mama yangu hakuna mtu aliyewahi kunikata kucha. Nikafikiri, labda nimemkosea huyu mama. Labda mtindi ulikuwa mtindi tu.

Jioni ya siku hiyo, baba mwenye nyumba mwenyewe alikuja nilipokuwa nimekaa na bibi. Bakuli la uji lilikuwa mkononi mwangu. Akaninyooshea kidole, akanyooshea bakuli, akanyooshea mdomo wangu. "Onja," akasema. Mkewe alikuwa nyuma yake, na yule mwanamke wa kanga ya njano nyuma ya mkewe. "Onja kwanza."

Nilielewa. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza vizuri. Watu hawa wana adabu! Kumbe wanajua, ila walikuwa wanachelewa tu, au bibi ndiye aliyewaambia jinsi ninavyomheshimu, na sasa baba mwenye nyumba, mwanamume mzima mwenye ng'ombe wote wale, ameona nastahili kuambiwa hadharani. Nikapiga funda kubwa, nikameza, nikacheka, nikampa bibi. Wakatazamana. Yule mwanamke wa kanga ya njano alisema kitu, akaondoka na hasira. Nikamhurumia, nikidhani kwake hawana desturi hiyo.

Tangu hapo kila mlo wa bibi ulikuwa hivyo. "Onja," nami naonja, natabasamu. Neno langu la kwanza la Kiswahili lilikuwa hilo. Moyo wangu ukatulia, na moyo ukitulia macho huona mengine: niligundua kwamba mama mwenye nyumba hulamba mwiko kabla ya kupakua. Nikahesabu kwamba huko ndiko kuonja kwake. Nikaanza kula, nikanywa hata chai, kama nimemwona na mwiko. Nikanenepa. Kiswahili kikaja pamoja na mwili: sokoni, kanisani, kwa watoto waliokuwa wanafanya kazi zao za shule kwa sauti. Bibi akanifundisha Kisukuma kwa usinga. Nikawa nasalimia "Mwangaluka" asubuhi, na wazee "Shikamoo," nikijibiwa "Marahaba, binti." Mvua zikaja zikapita, zikaja tena. Nikaacha kuangalia geti.

Sasa sikilizeni baba mwenye nyumba alivyoniharibia.

Ilikuwa baada ya kuvuna mpunga. Kulikuwa na wageni, ndugu zake wawili waliokuja kumwona mama yao, wamemkuta ananenepa na kufoka. Wakanisifu. Nilipoleta bakuli na kuinama kuonja kama kawaida, baba akainua mkono.

"Basi," akasema. "Kuanzia leo usionje tena. Wewe ni mtoto wetu."

Kila neno nililijua. Yakiwa pamoja sikuyaelewa. Mtoto wa nyumba, halafu asionje? Nilimpa bibi uji ule hivihivi, bila funda, naye akanywa, na wale ndugu wa baba wakapiga makofi kidogo. Walikuwa wanapigia makofi nini?

Nilikaa na neno lile siku nzima. Nilipokuwa nafua nilikuwa nalo, nilipokuwa namgeuza bibi nilikuwa nalo. Mtu anayekuzuia kuonja anataka kile kitu kifike kwa mnywaji bila kupita kwa mwingine. Kwa nini? Nikamtazama baba. Nikawatazama wale ndugu wawili, walivyokuwa wanazunguka zizini jioni ile wakionyeshana ng'ombe. Ng'ombe wengi wale walikuwa wa nani? Wa bibi, nilikuwa nimesikia, wa marehemu mumewe, na mali ya mtu aliye hai haigawiwi. Hapo nikaona yote, waziwazi, kama mtu anayeona nyoka baada ya kuambiwa yuko wapi. Wanataka kummaliza. Watatia kitu kwenye uji, na mimi ndiye nitakayembebea, mikono miwili, kwa heshima zote. Mrundi akifukuzwa baadaye, nani atauliza?

Ningeweza kuondoka. Njia ya Lusahunga nilikuwa naijua sasa, na mdomo wa kuuliza nilikuwa nao. Lakini nani angemgeuza bibi? Na hofu yangu haikuwa ya mwili wangu tena, hilo lilinishangaza mwenyewe. Niliamua kwamba hakuna uji utakaofika kwake usiopita kwangu. Kama una kitu, kinianzie mimi.

Basi nikawa naonja kwa siri. Nyuma ya mlango wa jiko, nimeupa mlango mgongo, nimeinamia bakuli, funda la haraka. Kisha nasubiri kidogo nisikilize tumbo langu. Kisha ndiyo natoka, uso mkavu, nampa bibi mbele yao kama walivyotaka.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama hivyo, midomo ikiwa kwenye bakuli, nikasikia pumzi ya mtu. Nikageuka. Mama mwenye nyumba.

"Unatia nini?"

Uji ulikuwa bado mdomoni. Sikuweza kujibu, na sikuweza kutema. Ningetema angesema natemea chakula cha mama mkwe. Nikameza kwa shida.

"Nakuuliza, unamtilia mama nini? Tumekwambia usionje, sasa unajificha na bakuli! Baba! Njoo uone! Njoo uone mtoto wako!"

Mawe we, mama yangu wee, nikasema, na hicho kilikuwa Kirundi, kwa sababu Kiswahili chote kilikuwa kimekimbia. Wakanitoa nje. Baba alikuwa amekuja mbio kutoka zizini, kamba ya ng'ombe bado mkononi. Wale ndugu walikuwa wamekwisha kuondoka, lakini mwanamke wa kanga ya njano hakukosa, sijui alisikiaje. Bakuli likawekwa chini katikati yetu, wote tukasimama mbali nalo.

"Nilisema mimi," alianza yule jirani. "Tangu mara ya kwanza nilisema. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Hata kucha nilimkata!" mama mwenye nyumba alipiga kelele. "Nilimkata zote mpaka nyama, nikajua hana pa kufichia! Tukamwonjesha kila bakuli! Kumbe ametafuta njia nyingine!"

Nilisimama pale nikilisikia hilo neno kucha. Lilichukua muda kufika. Kucha zangu zilikatwa kwa sababu walidhani nimeficha sumu chini yake. Na kuonja, kuonja kote kule, mbele ya watu, na mimi natabasamu kama bibi harusi, ilikuwa ni kunipima. Nilikuwa mbuzi wa kujaribiwa dawa. Nilisikia aibu, kisha hasira, na hasira ndiyo iliyorudisha Kiswahili.

"Mnasema mlinionjesha?" nikasema. "Mimi nilidhani mmepata adabu!"

Baba akainua uso. "Adabu gani?"

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana. "Kwetu mtu haretewi kitu hivihivi. Anayereta anaonja kwanza, anameza. Ndiyo heshima. Usipoonja umemtakia mtu kufa. Mimi bibi namwonjea tangu siku ya kwanza, kabura hamjasema. Mama ameniona. Mama, hukuniona?"

"Niliona unamlia mgonjwa uji wake," alisema mama mwenye nyumba.

"Uongo huo," alisema jirani. "Desturi gani ya kulamba bakuli la mgonjwa?"

Baba akatoa simu, akatafuta namba kwa muda mrefu. Nilijua anaita watu wa kunikamata. Nikajitayarisha, nikafunga kitenge vizuri. Kisha nikasikia, kwa sauti kubwa ya spika, sauti ya mama wa Kasulo ikiitikia salamu.

Baba hakuzunguka. Alimsalimia, akamwuliza kama ni kweli huyu binti kwao huonja chakula kabla ya kumpa mtu.

"Sasa ampe vipi?" alisema mama wa Kasulo. "Hata sisi tunaonja. Kwani nyie hapo hamuonji?"

"Hatuonji."

"Mnampa mgeni chakura hivihivi tu?"

"Hivihivi."

"Ee, Yesu na Maria," alisema. "Sikia, baba. Huyo binti akikupa kitu hajakionja, hapo ndipo umwogope. Akionja, mwache. Na mwambie anisalimie bibi."

Simu ikakatika. Mwanamke wa kanga ya njano alisema mambo ya simu yanaweza kupangwa, lakini hakuna aliyemjibu, na baada ya muda akakumbuka ameacha sufuria jikoni.

Tukabaki watatu na bakuli.

"Nilisita kukufukuza," alisema baba. "Watu waliniambia nikufukuze tangu mama alipougua. Nikasema, mchawi mpe mwana kulea. Ukimwonjea kila siku hutamdhuru. Kisha nikaona unavyomtunza, nikaona aibu. Ndiyo nikakwambia uache. Nilikuwa nakuondolea aibu. Sasa kwa nini ulijificha?"

Ningeweza kusema ni mazoea. Lingekuwa jibu zuri, na wangelikubali. Lakini nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika huwa sina akiba.

"Nilidhani unataka kumuua bibi," nikasema.

"Nani?"

"Wewe. Na ndugu zako. Kwa ajili ya ng'ombe."

Kamba ilimdondoka. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, mtu mzima, mwenye nyumba yake. "Mimi?" alisema. "Mama yangu?"

Mama mwenye nyumba alinisogelea. Alikuwa anafikiri, niliona anarudi nyuma siku moja moja, chai moja moja, kikombe kimoja kimoja nilichoondoka nacho nikarudi nacho kitupu haraka mno.

"Na mimi," akasema. "Ulidhani nataka kukuua wewe."

"Ndiyo."

"Muda wote huo."

"Mpaka siku uliyonikata kucha," nikasema. "Siku ile nilidhani unanipenda."

Uso wake ulivurugika. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na aliposema tena alisema kwa ukali, kwa sababu alitaka ukali umsaidie. "Kwa hiyo nyumba nzima hii tulikuwa wauaji, isipokuwa wewe."

"Na nyinyi mlidhani muuaji ni mimi peke yangu."

Sijui nani angesema nini baadaye. Huenda ningefukuzwa, si kwa sumu tena bali kwa matusi. Nilikuwa nimemwita mwenye nyumba muuaji wa mama yake, nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Nilikuwa nahesabu vitu vyangu kichwani, vitenge viwili, sweta, ndala.

"Nzala!" sauti ikatoka ndani.

Bibi. Tulikuwa tumemsahau. Hakuna kati yetu aliyehitaji kutafsiriwa. Alikuwa na njaa, jua lilikuwa limepanda, na uji wake ulikuwa katikati ya ua umeota utando, nzi wawili wakitembea ukingoni. "Nzala!" akarudia, kisha akaanza kueleza kwa kirefu ni kizazi gani cha watu kinachoacha mzee afe njaa huku wenyewe wamekaa uani wanapiga soga.

Tukatazamana sote watatu. Baba akatazama bakuli. Mama akatazama bakuli. Ilikuwa wazi kwamba yeyote atakayeliokota sasa amesema jambo, na mimi sikuthubutu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeinama. Akamwaga ule uji kwa kuku, akalisuuza bakuli kwa maji ya ndoo, mara moja, mara mbili, akanipa.

"Kapike mwingine," akasema. "Unga uko palepale."

Nikaenda jikoni. Nikachochea moto, nikaweka maji, nikakoroga unga, mgongo wangu ukiwa unasikiliza. Nilijua ile sauti ya miguu yake kwenye changarawe, nilijua kivuli chake kinavyokaa mlangoni, maana tangu nifike katika nyumba ile sikuwahi kupika uji wa bibi bila kuhisi macho ya mtu mgongoni. Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi, na mwanga wa nje ulikuwa umeingia wote. Baba alikuwa anarudi zizini na kamba yake. Mama alikuwa amekaa kwa bibi, nikisikia wanavyogombana. Hakuna aliyenifuata.

Nikalia hapo, na mwiko mkononi, kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Uji ukashika chini, ukanuka moshi, na bibi aliulalamikia mpaka jioni.